Nahodha Asiye na Picha

Asiyependa kudanganywa vizuri na akae karibu na mlango, atoke bila kutukanyaga. Sisi wengine tumfuate Nakijwa, mchora kuta, ambaye sasa hivi ameketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa uwanja wa mpira wa kikapu, adhuhuri, jua la bonde la mkonge liko utosini, brashi imelala mapajani na usingizi unamnyemelea. Hataki kulala. Ukuta huu unazinduliwa alasiri. Mji umeamua kuwaenzi wanawake wa timu ya kwanza, wale waliotoka kwenye mashamba ya mkonge na kunyakua ubingwa wakiwa pekupeku, na Nakijwa amewachora wote, kila mmoja kwa picha yake, isipokuwa wa katikati. Huyo ana jezi, ana miguu, ana shingo imara, ameukumbatia mpira kifuani, na juu ya shingo hakuna kitu, peupe kama sahani iliyooshwa. Ndiye Nankondo, nahodha. Siku mpiga picha alipofika mjini Nankondo alikuwa zahanati akijifungua, na zahanati hakutoka. Waliowahi kumwona wanabishana hadi leo, huyu anasema uso ulikuwa wa duara, yule anaapa ulikuwa mrefu. Na mtoto aliyezaliwa siku ile, Eliwaza, sasa mtu mzima, yuko kwenye basi anakuja kumwona mama yake kwa mara ya kwanza. Asubuhi Mwenyekiti Mbwambo wa kamati alipita, akalitazama pengo, akasema, Weka sura yoyote dada yangu, nani atajua? Basi niweke yako, Mwenyekiti, akajibu Nakijwa, na hizo sharubu? Mbwambo akaondoka akicheka, lakini Nakijwa hakucheka. Akimchorea binti uongo, binti ataukumbatia huo uongo mpaka kaburini, na atamshukuru aliyemdanganya. Anaegemea ukuta afikiri kidogo tu. Ukuta unabonyea kama unga uliokandwa, mabega yanazama, kisogo kinazama, na Nakijwa anaangukia upande wa pili akiwa bado ameshika brashi.

Yuko barabarani. Barabara imepigwa mistari myeupe kama ya uwanja, inapinda, inapita kwenye duara la katikati, inapinda tena, na kila kona inamrudisha kwenye duara lile lile, ila kila mara limekuwa kubwa zaidi, au yeye amekuwa mdogo zaidi, haelewi. Mbele yake anatembea mwanamke mwenye jezi iliyopauka, miguu mitupu, na anapogeuka hana uso. Nakijwa hashtuki, maana ndotoni mtu hushtukia vitu vidogo. Anamwuliza, Shikamoo mama, namtafuta Nankondo, nina shida na sura yake. Marahaba, anajibu yule asiye na mdomo. Sura yake iko kule alikokuwa akitazama. Kule wapi? Kule ambako hajawahi kukaa mtazamaji. Mama, mimi nina kazi ya kumaliza, sina muda wa vitendawili. Na mimi nina mechi, anasema huyo kiongozi wake wa njia, na anaendelea kutembea, na barabara inajikunja nyuma yake kama mkeka.

Wanaingia mji wa vioo. Nyumba ni vioo, mitaa ni vioo, na watu waliomo kwenye vioo wanatembea kinyume na wa mitaani. Katikati ya mji pana uwanja, na majukwaa yamejaa pomoni, umati wote ukigeuza shingo kwa pamoja, kulia, kushoto, kulia, kila jicho likifuata mpira. Wanaocheza ni wanawake, wala hakuna mwenye uso. Nakijwa anawatambua hata hivyo. Anamtambua Anyingisye, mrefu kuliko mlango wa godauni, ambaye mjini kulipokosekana goli alibeba pete ya pipa kutoka karakana ya mkonge na kuishikilia juu kwa mkono mmoja kipindi kizima ili wenzake wafunge, na husemwa kwamba kwa mkono mwingine alikuwa anakaba. Anamtambua Siwema, aliyecheza akiwa ananyonyesha. Mtoto wake alipakatwa na benchi la wapinzani, na alikuwa halii ila wapinzani wanapofunga, hata wakaanza kuogopa kufunga. Fundi! anaita Siwema akipita mbio. Umekuja kuchora au kufukuza nzi? Nyuso zenu zimekwenda wapi, dada zangu? Si umezibandika ukutani! Sisi tunaendelea na mchezo.

Kiongozi naye anaingia uwanjani. Mpira unarushwa kwake, anaudaka, na anasimama. Anasimama kabisa, mguu mmoja umegandia ardhini kama umepigwa msumari, hasogei, hadundi. Wapinzani wanamzunguka, wanamcheka. Toa mpira, mama, au unataga? Na Nakijwa anahisi nywele zikimsimama, kwa sababu kisa hicho anakijua, kila mtoto wa mji anakijua. Nankondo alitoka kwenye netiboli, na mcheza netiboli akishika mpira hatembei nao wala haudundi, anaganda pale pale. Siku ya kwanza ya mpira wa kikapu aliganda hivyo hivyo, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwalimu wa timu akajaribu kumtibu ugonjwa huo mpaka akakata tamaa, akaamua afadhali awaambukize wengine. Timu nzima ikaganda. Mpira peke yake ndio ukawa unakimbia, mkono kwa mkono, juu ya vichwa, na wapinzani wakaufukuza kama watu wanaofukuza kuku aliyeota mabawa ya tai, hadi wakakaa chini wenyewe kuomba maji. Ni wewe, anasema Nakijwa. Muda wote nimekufuata wewe! Ulifuata mgongo, anajibu Nankondo, kila mtu hufuata mgongo, na anaupeleka mpira kwa Anyingisye bila kusogeza ule mguu.

Nakijwa anakimbia amkabili usoni, na kila anapofika mbele, Nankondo amekwisha kugeuka. Ndipo anapouona ubao wa goli. Ubao ni kioo kikubwa, safi, na ndani ya kioo anamwona Nankondo, mabega yake, jezi yake, na juu ya mabega, alhamdulillahi, uso! Uso mzuri, wa mtu mzima, una macho ya kuchoka kidogo. Anainua brashi haraka. Kisha anaona doa la rangi ya samawati kwenye shavu la ule uso, anajipapasa shavuni, na vidole vinarudi na samawati. Majukwaa yanacheka mpaka vioo vinatetemeka. Sura hiyo kamati ingeipenda, anasema Siwema, na tena ingepigiwa makofi. Nakijwa anashusha brashi. Anawaza kwa uchungu, anawaza kwa hasira, na hasira ndiyo inayomzindua. Netiboli haina ubao! Goli lake ni mlingoti na pete, basi. Nankondo hakuwahi kuutazama ubao maishani mwake. Watu wote waliokaa pembeni waliutazama mpira, na Nankondo aliitazama pete, kwa hiyo kitu pekee kilichowahi kuuona uso wa Nankondo vizuri ni pete. Dada Anyingisye, anasema, ninyanyue. Unakwenda wapi, fundi? Kule ambako hajawahi kukaa mtazamaji.

Anyingisye anamwinua kama anavyoinuliwa mtoto akaone ngoma. Mlingoti unarefuka, Anyingisye naye anarefuka, mji unakuwa sarafu inayometa huko chini, na mwishowe Nakijwa anakalia ukingo wa pete, miguu inaning'inia ndani ya nyavu. Haya, Nankondo, anapaza sauti, funga! Chini kabisa mwanamke mmoja aliyeganda anainua mikono, na pamoja na mikono anainua kichwa, na uso unapanda kumwelekea Nakijwa kama ndoo inayopanda kutoka kisimani. Si wa duara wala si mrefu. Una kovu dogo chini ya kidevu. Jicho la kushoto limefinywa kwa ajili ya jua. Mdomo umeachama nusu, kama wa mtu anayemwita mtoto aliye mbali asije akavuka barabara. Nakijwa anautazama, anausoma, anaushika wote, na mpira unakuja, unampiga kifuani, anaukumbatia, na anaganda. Usikae nao, fundi! anapiga kelele Nankondo. Nirudishie! Lakini pete inainama, na Nakijwa anaanguka, anaanguka, anaanguka.

Anafumbua macho. Kivuli kimehamia upande wa pili wa ukuta. Brashi mkononi imelowa. Juu ya shingo ya nahodha pana uso, kovu lipo, jicho limefinywa, mdomo umeachama nusu, na rangi bado mbichi. Hakumbuki kuuchora. Anakumbuka, hata hivyo, angeapa mahakamani, kwamba asubuhi alimchora Nankondo ameukumbatia mpira, na sasa ile mikono ya ukutani iko wazi, mitupu, imenyooshwa mbele. Mpira uko mapajani mwake. Wa ngozi, wa zamani, una joto.

Mwenyekiti Mbwambo anafika akimwongoza mwanamke mwenye begi la safari. Mwanamke anasimama mbele ya ukuta, anafinya jicho la kushoto kwa ajili ya jua. Anausogelea ule uso mpaka Mbwambo anaanza kukohoa. Mbona ameachama? anauliza mwishowe. Anaita, anasema Nakijwa. Anamwita nani? Nakijwa anasimama na kuuweka mpira mikononi mwa Eliwaza. Anausubiri mpira, anasema. Eliwaza, ambaye hajawahi kuingia uwanja wowote, anaupokea na kuganda, mguu mmoja umepigwa msumari ardhini. Rusha basi, mama, anasema Mbwambo kwa uchangamfu wake wote, au unataga? Eliwaza anarusha. Wote watatu wanasubiri kishindo cha mpira kugonga ukuta, wanasubiri, na Mwenyekiti anazunguka nyuma ya ukuta kuutafuta, anarudi na mikono mitupu, sharubu zimelala. Pale ukutani, Nankondo ameukumbatia mpira kifuani.

Nakijwa anaweka kiganja ukutani apate kujua yuko upande upi. Ukuta ni mgumu. Anabandika sikio. Kwa mbali anasikia umati ukishangilia, na katika shangwe yote hiyo hasikii hata mara moja mpira ukidunda.