Kipande cha Sumayya

Pamba ilikuwa nyepesi mno. Kila akiinama ilipanda hadi karibu na shingo. Ndiyo maana Sumayya alishona kifuko cha leso, akakijaza mtama, akakitia upande wa kushoto wa sidiria, pale palipokuwa na titi. Asubuhi hiyo ya Januari alikirekebisha mbele ya kioo, akavaa buibui, akatoka kwenda kufungua cherehani yake barazani pa duka la mumewe, mjini Voi.

Alimkuta Alwi akikunja kitanda cha kamba nyuma ya magunia ya sukari. Tangu Sumayya atolewe titi mwaka jana, mumewe alikuwa akilala dukani. Wezi wamezidi, alisema.

"Umeamkaje, Baba Ruweida?"

"Alhamdulillahi. Chai nishakunywa kibandani kwa Katuku."

Miaka mingine, shule zikifunguliwa, kina mama walijazana barazani wakigombania zamu ya sare. Mwaka huu wa tisini na tisa walikuja wachache, na hao wachache walimtajia vipimo kwa mdomo wakiwa wamesimama kando. Hakuna aliyemwachia mtoto wake azungushiwe utepe kifuani. Alishona sketi moja, akafunika cherehani, akaenda hospitali.

Daktari Rita, msichana wa Kidawida aliyehamishiwa Voi hivi karibuni, alikuwa akimngojea. Wiki iliyopita alikuwa amemweleza habari ya dawa mpya ya ng'ambo. Haikuwa kama zile sindano zinazopiga mwili mzima mpaka nywele zikanyonyoka. Hii ilitafuta alama fulani juu ya seli za saratani, ikazishika hizo tu. Profesa mmoja Nairobi alikuwa akikusanya vipande vya nyama vya wagonjwa kupeleka ng'ambo kupimwa. Atakayekutwa na alama hiyo angeingizwa katika majaribio. Asiye nayo, dawa haina kazi naye.

"Sikuahidi kitu, mama," Rita alisema tena. "Lakini mzigo wa profesa unaondoka Nairobi kesho. Twende maabara tuchukue kile kipande chako cha mwaka jana."

Mkuu wa maabara, Thadeus, alikuwa akisoma gazeti. Aliposikia jina la Sumayya alilikunja gazeti polepole.

"Ile chupa haipo, daktari. Fomalini ya kuhifadhia iliisha tangu Agosti. Tuliagiza, hatukuletewa. Vitu vikaoza, tukavichoma."

Sumayya alifikiri hakusikia vizuri. "Si ilipelekwa Nairobi? Kila nikija huniambia majibu yako njiani."

"Gari halikuwa na mafuta, mama. Mimi ningekwambia nini?"

Mwaka mzima alikuwa akingoja majibu ya kitu ambacho hakikutoka Voi. Thadeus alimsogezea kiti kwa mguu.

Rita alimtazama kwapani, upande wa kushoto. "Kile kiuvimbe kipya bado kipo?"

"Kipo. Kimekua."

"Naweza kukikata. Kitatosha kupimwa."

"Kata."

Glovu na wembe Sumayya alivinunua mwenyewe nje ya lango la hospitali, kama alivyonunua mwaka jana. Fomalini Rita aliifuata shule ya sekondari, ambako mwalimu wa bayolojia alikuwa nayo ya kuhifadhia vyura. Akamiminiwa kidogo kwenye chupa ya jemu. Kisha akampiga Sumayya sindano ya ganzi, akakata, akashona. Kipande chenyewe kilikuwa kama kokwa ya ukwaju. Kilizama chini ya chupa, kikatulia.

Thadeus akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hii lazima isainiwe na msimamizi wa hospitali. Yuko semina Wundanyi. Na gari ni Jumanne."

"Jumanne mzigo utakuwa umeshaenda!" Rita alisema.

"Basi nipe mimi," alisema Sumayya. "Nitaipeleka mwenyewe."

"Haiwezekani. Sampuli ni mali ya hospitali, mama."

"Na ile mliyoichoma? Ilikuwa mali ya nani?"

Mkono wa Thadeus ulibaki kwenye kifuniko. Sumayya akauinua taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye kitambaa kilichokwisha kukatwa, akaichukua chupa. Rita aliandika jina la profesa kwenye plasta, akaibandika ubavuni. Hakuna aliyemfuata mlangoni.

Dukani alisimama upande wa wateja.

"Naenda Nairobi, Baba Ruweida."

"Saa hizi? Na nani?"

"Peke yangu. Napeleka hii ikapimwe."

Alwi aliitazama chupa, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa rafu. "Mngoje Ruweida aje kutoka Taveta akusindikize."

"Ruweida ana mtoto mchanga. Na hii haingoji."

Alwi alifungua droo, akatoa nauli, akaiweka juu ya kaunta. Alipokwisha kuondoa mkono, ndipo Sumayya akaichukua. Walikuwa wameoana miaka ishirini. Alwi akaanza kufuta mizani.

Kituoni, kondakta wa basi la Nairobi alinyoosha mkono.

"Mzigo utie buti kule nyuma, mama."

"Huu hauendi buti."

"Ni nini? Asali?"

"Ni nyama yangu. Ya mwilini."

Kondakta alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Mko wangapi?"

"Mmoja."

Alipewa kiti cha dirishani. Basi liliuacha mji likaingia Tsavo, na vumbi jekundu likaanza kupenya kwenye nyufa za kioo. Profesa huenda akawa ameshafunga ofisi atakapofika. Huenda alama ile haimo katika nyama yake. Hayo yote Rita alimwambia, na alimshukuru kwa kutomficha.

Ganzi iliisha kabla ya kufika Mtito Andei. Maumivu yalianzia kwapani yakashuka hadi vidoleni. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, hakukuwa na wa kumwambia. Alibana meno, akaihamishia chupa mkono wa kulia, akaishika wima.