Beberu Aliyengoja Ushindi

Karwirwa aliweka redio ya marehemu mumewe juu ya debe mbele ya banda la mbuzi, akaketi kwenye kigoda. Ilikuwa Jumatatu, tarehe mbili Februari, mwaka wa 2004. Kenya ilikuwa ikicheza na Burkina Faso huko Tunisia, na Karwirwa alikuwa akiomba Kenya ishindwe.

Hakuwa msaliti wa nchi. Alikuwa mjane mwenye beberu mmoja.

Chanzo kilikuwa maneno ya mwaka wa 1972. Mwaka huo Kenya ilikwenda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mumewe, Muthamia, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nkubu, alimshika beberu pembe mbele ya wageni waliojaa uani, akatamka: "Siku Kenya itakaposhinda mechi moja katika kombe hili, moja tu, huyu ataliwa. Na atakayemchinja ni Gedi, ili naye ale." Gedi alikuwa Mwislamu mwenye bucha kule Majengo, mjini Meru. Yeye na Muthamia walikuwa chanda na pete. Gedi alicheka, akasema anakwenda kunoa kisu, maana mbuzi huyo hana wiki.

Wiki hiyo ikawa karibu miaka thelathini na miwili. Kenya ilitoka sare mara mbili, ikafungwa mara moja, ikarudi nyumbani. Ilirejea mwaka wa 1988, kisha 1990, kisha 1992, na safari zote hizo haikushinda hata mechi moja. Beberu akizeeka, Muthamia alimuuza, akaweka mwingine. Wote waliitwa Harambee, kwa jina la timu ya taifa. Muthamia hakuona sababu ya kubadilisha jina ikiwa matokeo hayabadiliki.

Kisha Muthamia mwenyewe akafa. Kathure, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Embu, na alikuja Krismasi kwa Krismasi. Watu waliojaa uani siku ya mazishi waliondoka pamoja na viti vya kukodi. Akabaki Harambee wa sita. Asubuhi Karwirwa alimsimulia ndoto zake. Jioni alimweleza bei ya ndizi sokoni. Beberu alitafuna na kumtazama, kama mwanafunzi asiyejua jibu lakini asiyetaka kumuudhi mwalimu. Katika boma lile hapakuwa na sikio lingine.

Katika kombe la 2004, Mali ilikuwa imeifunga Kenya tatu kwa moja, na Senegal tatu kwa bila. Siku hizo mbili Karwirwa alilala vizuri. Sasa kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao, naye akamkuna Harambee katikati ya pembe.

"Imebaki nusu," alimwambia.

Katika kipindi cha pili Kenya ikafunga bao. Kisha la pili. Kwa jirani yake Mwongera watu walipiga kelele, na mtu akagonga sufuria. La tatu lilipoingia, Karwirwa alizima redio.

"Walikuwa na miaka hiyo yote," alisema. "Wangengoja kidogo."

Mbali naye, aliyeikumbuka ahadi ile na bado yu hai alikuwa Gedi peke yake. Jumanne Karwirwa alifagia uani na kutazama njia. Gedi hakuja. Jumatano pia hakuja. Karwirwa angeweza kumshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini kila alipopita mbele ya picha ya Muthamia ukutani, aliona haya kama mtu aliyeficha barua isiyo yake. Alhamisi alijifunga kitambaa safi kichwani, akaenda Majengo.

Gedi alikuwa nyuma ya meza ya bucha yake, ndevu zimekolea hina.

"Mama Kathure. Leo umepotea njia, ama umekosa mtu wa kugombana naye?"

"Baba Waris, mpira hukusikia?"

Gedi alifuta kisu polepole. "Nilisikia."

"Na kisu umekinoa tangu 1972. Kimeisha?"

"Kisu kipo. Ni mimi niliamua kusahau." Aliinamisha macho. "Kathure aliniambia kwa simu. Alisema mama siku hizi anaongea na mbuzi. Nikasema, nisipoenda, si atabaki na mwenzake? Mimi nyama nakula kila siku."

Karwirwa alikaza fundo la kitambaa chake. Hakuwa amedhani kwamba kuna mtu anayejua.

"Muthamia hakusema mbuzi ataliwa mama akipenda," alisema hatimaye. "Alisema ataliwa. Uje Jumamosi, na wanao."

Jumamosi Gedi alikuja na wanawe. Karwirwa mwenyewe alimtoa Harambee bandani, akaishika kamba, wala hakugeuza uso. Mwongera aliwasha moto. Waliosikia harufu walijileta, na waliomkumbuka Muthamia walimsimulia kwa wasiomkumbuka. Kwa saa chache ua ulijaa kama zamani.

"Sasa utaweka mwingine wa kungoja Kenya itwae kombe lenyewe?" Gedi aliuliza, akilamba vidole.

"Huyo atakufa kwa uzee," Karwirwa alisema. "Na mimi nitakuwa nimemtangulia."

Gedi alicheka mpaka akafuta macho.

Kufikia saa kumi na moja wote walikuwa wameondoka. Karwirwa aliosha sahani, akazipanga. Jua lilipoinama alichukua panga, akaenda ukingoni mwa shamba, akakata majani, akafunga mzigo wa kawaida na kuubeba. Alikuwa ameshafungua mlango wa banda ndipo akakumbuka.

Alisimama na mzigo mikononi. Kamba ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo.

"Walisema nyama ilikuwa tamu," aliliambia banda.

Alingoja kidogo, kama ilivyokuwa desturi yao. Kisha akayaweka majani ndani, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kukatwa.