Mtu Mzima

Nozuko alilipenda sharti la duka. Wenzake walilinung'unikia, yeye alilipenda kwa roho moja. Kabla mashine ya malipo haijakubali kuuza chupa ya pombe kali, ilisimama na kuuliza kwenye kioo chake: Je, mnunuzi ni mtu mzima? Chini ya swali palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Hapana inajifunga, mpaka Bwana Ntshinga, mwenye duka, aje na ufunguo wake. Na ukimwuzia mtu asiyetimiza miaka kumi na minane, kazi huna.

Alikuwa na sababu ya kulipenda. Dada yake aliondolewa duniani na chupa, akaacha mtoto wa kiume anayetambaa, Lwandile. Nozuko alimlea kama aliyemzaa mwenyewe, akaapa kwamba huyu hataonja. Majirani walimcheka: mchana anauza, jioni anahubiri. Acha wacheke.

Desemba ile Lwandile alitoka jandoni. Aliondoka kijijini kwao Emahlathini akiwa mvulana, akarudi na koti la kahawia, kofia ya wanaume wapya iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi na jina jipya, Zwelibanzi. Jambo hilo kule halina mchezo. Mwanamume mpya hafokewi, hatumwi dukani kununua chumvi, haitwi jina lake la zamani. Na ukimwita inkwenkwe, yaani mvulana ambaye kisu hakijampitia, hata uwe nani, umemvua nguo mbele za watu. Kuna watu wamepigana mpaka damu kwa neno hilo. Sasa jando halihesabu miaka, na kitambulisho hakijui jando. Zwelibanzi alikuwa na miaka kumi na saba.

Jumamosi mchana, foleni imefika mlangoni, akaingia. Wenzake aliotoka nao jandoni walikuwa wamekaa nyumbani kwa mmoja wao wakimngoja. Kila mmoja huleta brandi yake kwa zamu, na zamu ilikuwa yake. Aliiweka chupa kaunta bila kumtazama Nozuko usoni.

"Habari za kazi, mama mdogo."

"Nzuri, baba. Kitambulisho."

"Mimi?"

"Kila mtu, Zwelibanzi. Ndilo sharti."

Alikiweka kifudifudi. Nozuko hakuhitaji kukigeuza. Ndiye aliyempeleka kupiga picha ile.

"Siwezi, baba. Mpaka mwakani."

"Mwakani!" Aliyedakia kwenye foleni alikuwa Mkhangeli, mwanamume wa rika lililotangulia, mdomo wake hauna breki. "Jamani, mwanamume anaambiwa asubiri mwakani! Mpe basi maziwa, mama, asirudi na njaa!"

Foleni ikaangua kicheko. Zwelibanzi aliinama juu ya kaunta.

"Mama mdogo, usinifanyie hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Bonyeza tu. Nikirudi mikono mitupu watanicheka mpaka nizeeke."

"Wapelekee soda."

"Unanitania?"

"Mama yako alianza hivi hivi, na chupa ya sherehe."

Hapo alimgusa pabaya. "Usimtaje mama yangu! Wewe siyo mama yangu. Wewe ni muuza pombe tu, uliokota mtoto ili watu wakusifu."

Yale maneno yalimchoma Nozuko mpaka akahisi joto masikioni. Usiku aliokesha naye akiwa na surua, viatu vya shule alivyomnunulia yeye akitembea na vilivyotoboka, vyote vimekuwa sifa za kuokota. Ulimi ukamtangulia.

"Toka mbele yangu, inkwenkwe wewe!"

Hata Mkhangeli alitazama viatu vyake. Kijana alichukua kitambulisho akakitia mfukoni, akavua kofia, akaiweka kaunta kando ya chupa. Akatoka kichwa wazi.

Nozuko alitaka kumkimbilia. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na Bwana Ntshinga alikuwa anaangalia. Nitamwomba radhi jioni, alijiambia, akaificha kofia chini ya kaunta na kumwita mteja anayefuata.

Mtoni kuna kibanda cha bati kinachouza pombe ya magendo, na pale hawaulizi kitu. Zwelibanzi alinunua chupa, akawapelekea wenzake, akakuta habari za dukani zimemtangulia. Wakamwuliza tangu lini wanaume wanakunywa na wavulana. Basi akainywa yote peke yake, amesimama, ili waone. Alipoanguka walidhani amelewa, wakamfunika blanketi, wakaendelea na mazungumzo yao. Walipokuja kumwita Nozuko, jua lilikuwa halijazama na mwili wa mtoto ulikuwa umeshapoa.

Mama wa marehemu hukaa chini kwenye godoro, wanawake wamemzunguka, mpaka siku ya mazishi. Nozuko alipoingia chumbani hakuna aliyesogea.

"Godoro ni la mama," alisema shangazi mmoja bila kumtazama. "Mama hamwiti mwanawe neno lile."

Alisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akarudi kazini, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Kumnyima chupa hakukumsumbua, angemnyima tena. Lile neno ndilo alilotamani kulirudisha.

Siku moja kabla ya mazishi aliingia mjomba wake, Gcobani, mzee wa mvi tupu. Alishika chupa ya brandi, aina ile ile.

"Kesho tunamzika," alisema. "Tumekaa wanaume, tumekubaliana azikwe kama mwanamume. Hii itafunguliwa pale kaburini."

Nozuko aliipitisha chupa kwenye mashine. Swali likatokea kwenye kioo. Alilitazama mpaka macho yakajaa maji, akabonyeza Hapana. Mashine ikajifunga.

"Nozuko, mwanangu," alisema mzee, "hizi mvi zote huzioni?"

"Siyo yako, mjomba. Ni yake."

Bwana Ntshinga alikuja na ufunguo, akafungua mashine, akaondoka bila kuuliza neno. Swali likarudi pale pale.

"Jibu," alisema mjomba taratibu. "Sisi tumeshajibu. Umebaki wewe."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na Mkhangeli alikuwamo. Nozuko aliitoa kofia chini ya kaunta, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaiweka kando ya chupa. Akabonyeza.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Zwelibanzi ni mtu mzima."