Mgongo wa Mkuu wa Barabara

Katika ofisi nzima ya barabara, pamoja na wahandisi wake, makarani wake, ramani za ukutani na birika la umeme lisilopoa, kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokuwa kinaitetea barabara ya kwenda sokoni kule juu. Kitu hicho ni mgongo wa Bosi.

Bosi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Barabara. Alikuwa mtu wa mwili, na mwili ule ulichukuliwa na gari la kazi, gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye springi za mabamba ya chuma yaliyolaliana kama vitabu visivyosomwa. Lilikuwa gari la kubebea saruji na mawe. Waliolitengeneza hawakuwa na habari kwamba binadamu ana kiuno. Likikanyaga kokoto, aliyekaa ndani anajua kokoto ile ina pembe ngapi. Sasa litumbukie kwenye mashimo ya barabara ya sokoni, ambayo mengine yangekuwa watoto yangeshaanza shule! Kila alipotoka kule Bosi alishuka garini kwa awamu: kwanza mguu mmoja, kisha wa pili, kisha matusi, mwisho yeye mwenyewe.

"Barabara ile lazima tuipelekee greda," alikuwa akisema, mkono kiunoni. Halafu mgongo unapona, na greda linasahaulika.

Mwaka huu, hata hivyo, mgongo uligoma kupona. Bosi alikalia mto ofisini, akainuka kitini kwa kushika meza, akaanza kuizungumzia barabara ya sokoni hata mbele ya wageni. Alhamisi angepanda tena, azungumze na watu wa kule, kisha akate shauri: greda liende kwao, au libaki mjini kusawazisha maegesho ya ofisi. Watu wa sokoni walipopata habari za mgongo ule, waliuombea uendelee hivyo hivyo mpaka Alhamisi. Hawakumchukia Bosi. Walikuwa wamekwisha kujaribu barua, wakajaribu wajumbe, wakaona maumivu ndiyo yanayosikilizwa.

Aliyeyajua haya yote kuliko mtu mwingine ni dereva wake. Alikuwa dereva hodari kweli, mwenye mikono ya kuaminika, na mwoga wa kutupwa. "Ndiyo, Bosi" ilimtoka kabla Bosi hajamaliza kusema, na siku nyingine Bosi alikuwa anauliza tu nani yuko mlangoni. Huko juu, mwisho wa barabara ile ile, alikuwa na dada yake mkubwa aliyefuga kuku na kuleta mayai mjini kwa pikapu ya kukodi. Kwa hiyo dereva aliijua barabara kwa mikono na kwa undugu.

Jumatatu Bosi alimwita.

"Alhamisi tunapanda tena kule," alisema, akijishika kiuno. "Safari hii sitaki kuvunjwavunjwa. Kalitafutie gari hili adabu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kuisemea barabara. Dereva alijua, na kinywa chake kilijua. Kikafunguka, kikasema, "Ndiyo, Bosi."

Fundi wa gereji alimpokea akiwa chini ya gari jingine, miguu tu nje, na mazungumzo yakafanyika kati ya dereva na soli za viatu. Alipotoka, akalala chini ya gari la Bosi, akacheka.

"Hili gari linabeba mtu mmoja na mkoba, lakini limejiandaa kuhamisha nyumba," alisema. "Mabamba ni mengi mno, ndiyo maana halinesi. Sikiliza. Tunatoa mabamba mawili kila upande. Yatakayobaki yatashika ekseli isihame. Halafu hapa, kati ya ekseli na chesisi, tunaweka springi za koili, zile za kujisokota. Hizo ndizo zitakazobeba uzito. Litakaa kama kochi."

"Lisirushe?"

"Utasahau kama una magurudumu. Ila usilijaze mizigo. Ukilijaza, koili zinalala, chuma kinagonga chuma, na utalitamani lile la zamani."

"Bosi habebi mizigo," dereva alisema. "Yeye mwenyewe ndiye mzigo." Kisha akageuka haraka kuangalia nyuma yake, ingawa gereji ile Bosi hata haijui iliko.

Kazi ilipokwisha, alilijaribu. Alipita juu ya tuta la mbele ya shule, akageuza, akapita tena, akageuza, mpaka mlinzi wa shule akasimama kumtazama. Gari lilipanda na kushuka kwa ustaarabu wa mtu anayekaa kitini mbele ya wakwe. Dereva alivimba kichwa. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano jioni dada yake alifika kwake na trei za mayai, na mayai mengine yalifika yakiwa yameshakuwa supu. Alikaa jikoni kwa mdogo wake, beseni magotini, akichagua mazima na kuyafuta kwa kitambaa. Dereva, kwa kumpooza, akaona amsimulie habari njema.

"Gari la Bosi nimelifanyia maajabu, dada. Nimeweka koili. Kesho atapanda kule kwenu amesinzia."

Kitambaa kikasimama.

"Umefanya nini?"

Akaeleza: mabamba, ekseli, tuta la shule. Alieleza kwa mikono, kama mvuvi anayetia chumvi kwenye samaki. Dada alimwacha amalize.

"Mdogo wangu," alisema, "sisi hatuna wakili. Hatuna mkubwa. Tulikuwa na mgongo wa huyo bwana, basi. Na wewe umeenda umeutandikia godoro."

"Ilikuwa amri, dada."

"Amri ilikuwa gari lisirushe. Barabara ikitengenezwa, gari litarusha?"

Kwa kweli, kwamba kutengeneza barabara nako ni kutii amri, hilo halikuwa limempitia dereva akilini hata kwa bahati mbaya.

"Nina mke, nina watoto," alisema mwishowe. "Unataka nimwage unga?"

"Sijasema umtukane. Akikuuliza, mwambie ukweli. Akikuuliza tu."

"Akiniuliza nitamwambia," dereva alisema, na akaapa. Aliapa kwa wepesi, maana miaka yote ile Bosi hakuwa amewahi kumuuliza jambo zaidi ya ni saa ngapi na nani yuko mlangoni.

Alhamisi wakapanda. Bosi alikaa mbele na kikombe cha chai, akingoja kuumia, uso umemkunjamana. Hakuumia. Baada ya mwendo akajiegemeza. Baada ya mwendo mwingine akanywa. Walipita lile shimo ambalo watu wa kule waliliita Bafu, kwa kuwa mvua ikinyesha watoto huoga humo, na gari likalishukia na kulipandia bila haraka, chai ikayumba kidogo kikombeni na kutulia.

"Lile shimo kubwa halipo tena," Bosi alisema kwa furaha. "Wamelifukia."

Dereva akajiambia kwamba hilo halikuwa swali. Ilikuwa kauli tu, na kauli haina jibu. Akabadilisha gia.

Sokoni watu walikuwa wamekusanyika, wakautazama mlango wa gari jinsi watu wanavyotazama mlango wa wodi. Bosi akashuka. Akashuka mzima, kwa mara moja, kama kijana. Mama mmoja mfinyanzi, aliyekuja na vyungu vyake, akaguna kwa sauti.

"Ndugu zangu," Bosi alianza, akinyoosha kifua, "nimekunywa chai kutoka mjini mpaka hapa. Tazameni shati langu." Shati lilikuwa jeupe pe. "Kuna doa? Hakuna. Mimi nasema kwa nilichokiona. Barabara yenu imetengemaa, hongereni, na greda letu litabaki mjini ambako kuna shida kubwa zaidi."

Minong'ono ikazuka. Wengine walimtazama dereva, wakijua ni mdogo wa nani. Dereva alianza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Hapo dada yake, aliyekuwa amerudi kwa pikapu alfajiri, akatoka mbele, trei mikononi.

"Shati tumeliona, Bosi," alisema kwa adabu iliyonyooka. "Na sisi tunashukuru. Basi kwa kuwa njia ni nzuri, na gari linarudi tupu, tunaomba lifti."

Mtu aliyetoka kuisifu barabara mbele ya umati atasemaje? Bosi alicheka, akapunga mkono.

"Pandeni, pandeni! Gari ni la umma."

Umma ukapanda. Akapanda dada na trei zake, akapanda mfinyanzi na vyungu, wakapanda wauza nyanya na makasha, akapanda mzee mmoja wa magongo anayekwenda kutibiwa nyonga, na juu ya paa yakapanda magunia ya viazi. Kila aliyepanda, gari lilishuka kidogo. Dereva alizisikia koili zikilalamika chini kwa chini. Alijua. Angeweza kusema hata hapo. Bosi alipokaa, dada akaona pajani kwake pana nafasi, akamwekea trei moja.

"Hapo mbele ndipo palipotulia, Bosi. Nishikie tu."

Wakaondoka. Mita chache tu kutoka sokoni, chuma kikagonga chuma. Bosi aliruka, mayai yakaruka, wakatua pamoja. "Aa!" alisema, akidhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati, ilikuwa barabara. Shimo la pili lilimpiga mgongoni, la tatu likampandisha mpaka kichwa kikagusa paa, na gongo la mzee likawa linamchokoa shingoni. Nyuma vyungu viligongana, mfinyanzi akavihesabu kwa sauti vilivyokuwa vikipungua. Shati jeupe likapata ute, likapata na kiini. Na Bafu, ambalo asubuhi lilikuwa limefukiwa, likawapokea kwa kina chake chote.

"Dereva!" Bosi alipiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Dereva, hili gari lina nini? Asubuhi lilikuwa zima! Tatizo ni nini?"

Mfinyanzi aliacha kuhesabu. Bosi alikuwa ameuliza. Alikuwa ameuliza kwa kinywa chake, mbele za watu, akiumwa kweli, na hakuna siku alipokuwa tayari kuambiwa kama siku hiyo. Jibu lilikuwa neno moja, na kila mtu mle ndani alikuwa anapigwa nalo kiunoni.

Dereva alitazama kioo cha juu. Macho ya dada yake yalikuwa humo, yanangoja, na yalikuwa na matumaini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba yalikuwa na matumaini. Akaona haya, na akaogopa, na woga ukawahi.

"Ni mzigo, Bosi," alisema.

Bosi akashusha pumzi, kama mtu aliyepewa dawa.

"Nilijua! Nilijua tu! Watu hawana kiasi. Gari zima, barabara nzima, wao wanajazana tu. Ukiwaonyesha wema, wanakupandia kichwani."

"Simamisha," dada alisema.

Dereva akasimamisha. Dada akashuka na trei zake, akazunguka mpaka dirisha la mbele, akaichukua na ile ya pajani kwa Bosi, pamoja na maganda yake.

"Utusamehe, Bosi. Tumekuumiza mgongo bure." Kisha akamtazama mdogo wake kama anavyomtazama yeyote anayeendesha pikapu za kukodi. "Ahsante kwa lifti, dereva," alisema.

Mfinyanzi akafuata na vyungu vilivyobaki. Wakafuata wa nyanya, na wa viazi wakapanda kuyateremsha magunia yao juu ya paa. Hakuna aliyetukana, na dereva aliomba moyoni atukanwe. Mzee wa magongo alibaki wa mwisho, na Bosi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia, "Wewe kaa, mzee. Wewe ni mgonjwa."

"Na mimi nina uzito," mzee alisema, akatanguliza gongo chini.

Gari likainuka. Liliinuka kidogo kidogo, mtu kwa mtu, na mzee alipokanyaga ardhi likasimama juu ya koili zake, jepesi, likawa tayari. Dereva akaondoka taratibu. Shimo la kwanza likapita bila kujulikana.

"Umeona?" Bosi alisema, akijiegemeza. "Hapakuwa na tatizo lolote. Jumatatu nikumbushe, greda lianze na maegesho."

"Ndiyo, Bosi."

Bosi akafumba macho, mikono juu ya shati lake la mayai, na punde akaanza kukoroma. Katika kioo watu walikuwa wakija kwa mguu pembeni mwa barabara, mizigo kichwani, wakiyazunguka mashimo moja moja, dada yake mbele. Dereva alitamani shimo moja limpige, limpige kweli. Akalitafuta lililo kubwa kuliko yote yaliyobaki, akaliingia katikati kwa makusudi, na gari likamshusha na kumpandisha polepole, Bosi hata asigeuke usingizini.