Fomu Ilikuja, Maelezo Hayakuja

Shuka za wodi ya akina mama huanza na maji baridi, maana ya moto hugandisha damu. Dobi alizisugua asubuhi hiyo, akazianika, kisha akaomba ruhusa ya saa moja aende shuleni kwa bintiye.

Dada yake alikuwa amelala kitanda cha tisa humo wodini miezi minne, kwa saratani ya mlango wa kizazi. Shuka zake dobi alizifua mwenyewe mpaka ya mwisho. Daktari ndiye aliyemwambia kwamba saratani hiyo huletwa na kirusi, na kwamba wasichana wana chanjo yake. Hapo akaikumbuka fomu ya chanjo aliyoletewa na bintiye kutoka shuleni mwaka jana: mistari miwili, *nakubali* na *sikubali*. Jirani yake, Mama Pacha, alikuwa amesema sindano hiyo inafunga kizazi. Lisemwalo lipo, alisema. Dobi akatia alama kwenye *sikubali*.

Baada ya mazishi hakunyamaza. Kila jioni bombani aliwaeleza wenzake wakikinga maji. "Haifungi kizazi. Inakinga. Mimi ninayefua zile shuka ndiye ninayewaambia." Walimcheka, wakamwita daktari wa sabuni, lakini walisikiliza. Leo foleni ya chanjo pale shuleni ilifika hadi vyooni, na Mama Pacha alikuwamo na mabinti zake wawili.

Binti wa dobi alikuwa ameshakunja mkono wa sare. Nesi akasoma daftari.

"Huyu alitimiza kumi na tano mwezi uliopita. Za bure mwisho ni kumi na nne, mama."

"Mwezi mmoja tu, sista."

"Najua. Zimehesabiwa. Ya kulipia ipo hospitali binafsi." Nesi alishusha sauti. "Mwaka jana hamkuletewa fomu?"

"Fomu ilikuja. Maelezo hayakuja."

"Mimi nimepewa sindano tu, mama. Wa kuelimisha hatukupewa, mwaka jana wala mwaka huu."

Dobi alitamani kulia, na machozi yalikuwa karibu. Majuto ni mjukuu, na majuto yake yalikuwa yamesimama mbele yake na mkono wazi. Akamshika binti bega, wakatoka pembeni.

Mama Pacha aliwaona. Alikuwa amewashika mabinti zake viganja, na mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya foleni.

"Jirani, mbona mmetoka upesi hivyo? Wako amechomwa kweli?"

Foleni nzima ikageuka. Dobi akawatazama wale pacha wa miaka kumi na moja.

"Amechomwa," alisema. "Hata hakulia."

Mama Pacha akarudisha mguu kwenye foleni.

Binti alimtazama mama yake. Kisha akashusha mkono wa sare taratibu, akafunga kifungo, akalishika bega lake la kushoto kama mtu anayeumwa.