Kipande cha Nairn

"Baba, kanyaga! Hata kondoo wanakupita!"

Ailsa alikuwa mbele, anacheka. Murdo hakucheka. Baiskeli ilikuwa ya betri, haikumpa shida. Iliyompa shida ni njia yenyewe, zamani ya reli. Tangu igeuzwe kuwa ya baiskeli, watalii wakipita na kofia zao za rangi kulipiga picha daraja la Poolburn, yeye alikataa katakata kuikanyaga. Leo amekubali kwa sababu Nairn ni mgonjwa wa kitandani, na nyumba yake iko kando ya njia hii hii, ng'ambo ya handaki.

Zamani yeye na Nairn walikuwa wanyapara wa reli, kila mmoja na genge lake na kipande chake cha njia, vipande vyao vikipakana kwenye nguzo nyeupe. Treni zilipokoma, magenge yakaamriwa kung'oa reli. Murdo alimaliza kipande chake, akaunganisha na kung'oa cha Nairn pia, akidhani anamwondolea rafiki yake uchungu. Tangu siku ile Nairn hakumpa hata salamu.

Walipofika kwa Nairn, Ailsa alibaki nje na baiskeli. Murdo akaingia jikoni na mikate ya jibini, bado ina joto ndani ya karatasi. Nairn alikuwa ametolewa kitandani, amekalishwa karibu na jiko, blanketi miguuni.

"Umekuja kunizika mapema?"

"Nimekuja kukuomba radhi, bwana. Kwa kuing'oa reli."

"Reli?" Nairn alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Reli ilikwishakufa, Murdo, mimi si mtoto. Lakini maiti huoshwa na wenyewe. Mimi na vijana wangu tulikwishaandaa nyundo zetu. Tunafika asubuhi, mataruma ya reli yetu yako juu ya lori lako! Katika maisha yako yote, uliwahi kugonga msumari kwenye kipande changu bila kunibishia hodi?"

"Sijawahi."

"Basi."

"Nilikuhurumia."

"Ulinihurumia! Mdomo unao, hukuuliza."

Aibu ilimjaa Murdo, na juu ya aibu, hasira. Miaka yote hiyo amejutia kosa silo. Akaisogeza mikate mezani.

"Kula kabla haijapoa."

"Wape watalii." Nairn aligeuza uso dirishani. "Na mlango ufunge. Upepo."

Nje, Ailsa alimtazama usoni. "Mmepatana?"

Murdo alimkabidhi mikate, akashika usukani wa baiskeli bila kupanda. Akaiteremsha kutoka kwenye njia, akaanza kuikokota majanini, ubavuni mwa ua wa kondoo.

"Betri imekwisha, Baba?"

"Haijaisha. Wewe tangulia."

Nyuma yao kengele za baiskeli zililia. Kundi la watalii likapita kwa kelele, mmoja akimwonyesha mzee kwa kidole kwamba njia ni ile pale, laini, tupu. Murdo akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukokota. Magurudumu yalikwama kwenye mawe na nyasi, akayanasua. Nguzo nyeupe, mpaka wa kipande cha Nairn, ilikuwa bado mbali.