Wiki Moja Ziwani

Pale kiwanda cha rangi walimwita Bi Halo, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba cha swichibodi karibu na geti, chumba chenye dirisha dogo, feni inayolalamika kutwa nzima, na ubao wa vitufe na taa wa kuunganishia simu ambao yeye tu ndiye aliyeuelewa. Taa ikiwaka, mkono umeshafika. Mtu akisema "niunganishe," ameshaunganishwa. Watu wa mauzo walimtania kwamba hata usiku mumewe akikohoa, yeye huitikia, "Kiwanda cha rangi, habari za asubuhi."

Jumatatu moja, ya kwanza ya mwezi, saa mbili kasoro dakika tano, alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani. Saa mbili kamili ofisi ya hifadhi ya ziwani ingefungua simu. Ndio utaratibu wao: siku moja kwa mwezi, kwa simu tu, karani mmoja na daftari lake. Ukitaka kijumba cha mbao kule msituni kando ya maji, unapiga siku hiyo, la sivyo unangoja mwezi mwingine. Watu wengine wote waliopiga asubuhi hiyo walikuwa wanaomba wakipate. Bi Halo alikuwa anaomba akikose.

Msimcheke kwanza. Sikilizeni yaliyomfika.

Mumewe alikuwa fundi lifti, mtu wa kupanda na kushuka maghorofa maisha yake yote, mpaka figo zikamgomea. Mwaka na nusu sasa, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, analazwa hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Saa nne nzima. Anarudi nyumbani hoi, hata viatu anavuliwa. Basi siku moja mezani, mbele ya dada yake, akaweka kijiko chini akasema amechoka.

"Nipelekeni ziwani," alisema. "Wiki nzima, sio kuchungulia na kurudi. Mpaka siku hiyo nitakwenda kwenye mashine bila kelele. Tukishafika kule, basi. Sirudi tena kulala pale."

Maana ya wiki nzima bila mashine daktari alikuwa ameshawaeleza zamani, tena bila kuzunguka. Hakuna aliyemaliza chakula chake jioni ile.

Sasa niambieni, mwanamke aliyekaa na mtu miaka ishirini na sita afanyeje hapo? Akiikataa safari, mume anaacha mashine kesho. Akiipata, anaacha akifika. Kilichobaki ni kuvuta siku. Mwezi wa kwanza alipiga, karani akamtajia tarehe, na tarehe ile akaisikia kama inasomwa kwenye tangazo la msiba. Akasema haifai, akakata. Nyumbani akasema vijumba vimejaa. Mwezi wa pili, vimejaa. Mwezi wa tatu, eti kilichobaki kiko mbali na choo. Yeye ambaye hakuwahi kumficha mumewe hata kiatu kipya, alikuwa anamdanganya mchana kweupe huku anamkorogea chai.

Na mume naye alikuwa anapanga, masikini. Kwenye mlango wa friji alibandika orodha kwa ule mwandiko wake wa kifundi: blanketi nne, jiko dogo la gesi, kiti cha kukunja, tochi, dawa ya mbu, ndoano. Alichora ramani ya hifadhi kwa kumbukumbu tu, njia ya msituni, gati, na kijumba namba tisa, hatua thelathini kutoka majini. Enzi zao walikuwa wanapiga hema nyuma yake, wakiwaonea wivu waliolala ndani mvua ikinyesha. Kila jioni aliongeza kitu kwenye orodha. Ilimuuma Bi Halo kuona mtu anapanga safari hiyo kwa furaha kiasi kile.

Wifi yake alikuwa ameanza kunusa. "Wifi, mtu wa simu mzima wewe, unakosaje nafasi mara tatu?" alimwambia jana yake jikoni. "Ningekuwa mimi ningeshabuku mpaka mwezini." Akacheka, lakini macho yalikuwa yanampima.

Saa mbili kamili Bi Halo akapiga. Iliita mara moja tu, akajitaja.

"Mama wa kiwanda cha rangi!" karani akaitikia kwa uchangamfu. "Leo umewahi. Hebu shika hapo, nichukue daftari."

Akasikia mkono wa simu unawekwa mezani na viatu vinaondoka. Palepale taa ya tatu ikawaka. Mkono ukafika.

"Kiwanda cha rangi, habari za asu..."

"Ni mimi." Sauti ya mumewe ilikuwa ya mtu aliyelala chali, na nyuma yake mashine ilikuwa inapiga mlio wake, pi, pi, pi. "Umewapata watu wa hifadhi?"

Angeweza kusema hapana. Mungu anajua alikuwa na majibu matatu mdomoni. Lakini asubuhi ile, roho juujuu, ukweli ukamponyoka.

"Wako laini ya pili, karani kaenda kuchukua..."

"Basi niunganishe."

Na mkono ukaunganisha. Hivyohivyo, bila kumuuliza mwenyewe! Miaka kumi na tisa ulikuwa ukilitii neno hilo moja, wala haukujua kwamba leo ungefaa kukaidi. Kitufe kikalia, kti, taa mbili zikawa kitu kimoja, na kabla Bi Halo hajavuta pumzi karani alikuwa amerudi kwenye simu na anaongea, akidhani anaongea na mwanamke peke yake.

"Haya mama, niko hapa. Ila leo usinitese. Mwezi uliopita nilikupa namba tisa, ukakataa. Mwezi wa juzi nilikupa namba nne, ukakataa. Wa kabla yake vilikuwepo sita vitupu. Halafu ukaniuliza kama naweza kukuandikia mwakani, au mwaka wa keshokutwa, ukaanza kulia mpaka nikaogopa. Nilimweleza mke wangu, akasema huyo mama ana jambo. Una jambo gani, mama?"

Kwenye laini mashine iliendelea, pi, pi, pi.

"Halo? Mama?"

"Anakusikia," mumewe akasema, polepole. "Mimi ni mume wake."

Karani akakohoa. Mtu yeyote angekohoa. "Samahani, mzee. Sikujua tuko watatu."

"Hata mimi sikujua. Mara zote tatu mlikuwa na nafasi?"

"Zilikuwepo, mzee."

Bi Halo alitamani mumewe amtukane, apige kelele, aseme lolote. Mumewe hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika hunyamaza, na kimya hicho aliujua urefu wake.

"Na leo?" mume akauliza.

"Leo mna bahati. Kuna familia imeahirisha. Namba tisa hiyohiyo, Ijumaa hii inayokuja, wiki nzima iko wazi. Nyingine ni mwezi wa kumi na moja."

Ijumaa hii. Siku nne. Kidole cha Bi Halo kilikuwa juu ya kitufe cha kukatia. Laini hukatika kila siku, nani angemlaumu? Karani angempa mtu mwingine baada ya dakika moja, na mpaka mwezi ujao mumewe angekuwa hai. Angemchukia, sawa, lakini angekuwa hai na kumchukia. Kidole kikagusa kitufe. Akafikiria kumdanganya mara ya nne, mtu amelala na sindano mbili mkononi na simu begani, akaona hawezi. Akaurudisha mkono mapajani, akaushika kwa mwenzake kama mtoto mtundu.

"Tunaichukua hiyo ya Ijumaa," mumewe akasema.

Yamekwisha, Bi Halo akajiambia. Machozi yakaanza kushuka na hakuyafuta. Alimsikia karani anafunua kurasa, anauliza watu wangapi, wanakuja na gari au basi. Wawili, kwa basi, mumewe akajibu.

"Naandika siku saba, Ijumaa mpaka Ijumaa."

Mume aliisikiliza kwanza mashine yake. Pi, pi, pi.

"Hapana. Andika Ijumaa jioni mpaka Jumapili."

"Siku mbili tu? Mzee, hiyo wiki watu wanaililia!"

"Wape. Jumatatu saa moja asubuhi natakiwa niwe hapa nilipolala." Akavuta pumzi. "Na ile ya mwakani aliyokuwa anaililia mke wangu, daftari lake mnafungua lini?"

"Baada ya miezi mitatu, Jumatatu ya kwanza."

"Basi siku hiyo tutapiga, mimi na yeye." Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Wewe mwanamke, uko wapi? Mbona husemi?"

Bi Halo akafungua mdomo. Miaka kumi na tisa ya kujibu simu, na kilichotoka kilikuwa kilekile: "Kiwanda cha rangi, habari za asubuhi."